Ghala Lisilo na Milango

Pa!

Ni uzi uliochovywa katika unga wa mkaa, umevutwa juu ya ubao, umeachiwa. Ukiondolewa unaacha mstari mweusi ulionyooka, na juu ya mstari huo ndipo herufi husimama. Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja kila upande. Kwa miaka mingi, katika mtaa wa Waswahili mjini Gitega, upande mmoja wa uzi alishika Ilyasi mchora vibao, na upande wa pili binti yake Latifa, amechuchumaa, ncha ya ulimi nje, akiubana uzi kwa vidole viwili kwa uangalifu wa mtu aliyekamata kipepeo. Majirani wakisikia pa! asubuhi walijua mambo mawili: Ilyasi amepata kazi, na Latifa amechelewa shule.

Ilyasi alizaliwa Muyinga, katika ukoo wa wachuuzi wa chumvi na vitambaa, lakini kichwa cha biashara hakupewa. Brashi alifundishwa na Mkongo mmoja aliyezunguka mji hadi mji akiandika majina kwenye malori. Alimfuata hadi Gitega. Mkongo akaendelea na safari yake, Ilyasi akabaki, akaoa, akapata mtoto mmoja, akafiwa na mke. Ukiondoa vibao, hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yake kabla ya vita. Na vibao vyake vilikuwa kila mahali: kwa kinyozi, kichwa chenye nywele zilizokatwa mraba, kwa fundi cherehani, suruali isiyo na mtu ikitembea yenyewe, kwenye duka la nyama la rafiki yake Saidi, ng'ombe anayecheka meno yote nje.

"Ng'ombe wako anacheka nini?" Saidi alimuuliza kila alipokuja kukipaka kibao upya. "Hajui yuko anachinjwa?"

"Anawaita watu."

"Anawaita waje kumkula?"

"We, nyama unauza ao huuzi?"

"Nauza."

"Bon. Mwache acheke."

Alikuwa na imani moja katika kazi yake, na hakuificha: kibao kizuri kinamshika mpita njia mkono na kumwingiza ndani. Kibao ambacho mtu anakisoma na kuendelea na safari, kwake kilikuwa ubao ulioharibika.

Latifa aliolewa Mwakiro, upande wa Muyinga, na kijana aitwaye Waziri aliyenunua maharagwe mashambani na kuyapeleka mjini. Kisha vikaja vita. Mjini Gitega, kazi ya kwanza ambayo vita vilimletea Ilyasi ilikuwa kufuta. Wenye maduka walimjia mmoja mmoja, wakiongea chini chini, wakamwomba apake rangi juu ya majina yao. Jina lilikuwa limegeuka kitu cha kumtambulisha mtu kwa wasiomtakia heri. Alifuta majina aliyoyaandika mwenyewe, mengine akiwa bado anakumbuka siku aliyoyaandika na chai aliyonyweshwa. Mtaa ulijaa mbao za kijivu. Ng'ombe wa Saidi peke yake aliendelea kucheka, kwa kuwa hakuwa na jina.

Habari za Mwakiro alizileta Latifa mwenyewe, kwa miguu na kisha juu ya lori, mwishoni mwa mwaka wa tisini na tano. Siku nyumba yao ilipochomwa yeye alikuwa bondeni akichota maji. Waziri alikuwa ndani, na mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Aliporudi alikuta watu wamesimama mbele ya mlango huo, wanasikiliza. Hayo alimwambia baba yake mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayetaja bei sokoni, na hakuyarudia tena.

Kuanzia hapo hakuweza kulala ndani ya nyumba. Nyumba ya Ilyasi ilikuwa na chumba kimoja na mlango mmoja. Giza likiingia Latifa aliukodolea macho mlango ule, na baba yake alipolala alitoka akakaa uchochoroni, mgongo ukutani, saa ambazo ilikuwa marufuku kuwa nje. Askari wa doria walimpita. Mara nyingine walimmulika tochi usoni, wakamwambia Ilyasi kwamba siku ijayo hawatakuja na tochi. Basi Ilyasi akaung'oa mlango, akauegemeza nyuma ya nyumba. Asubuhi yake Saidi alikuja, akakaa juu ya kopo la rangi, akakuna kidevu.

"Ndugu yangu, mi nakupenda. Lakini nyumba bila mlango, siku hizi, inaita watu. Na sisi wote tuko nyuma ya ukuta wako."

Ilyasi akaurudisha mlango mahali pake. Binti yake akaendelea kukonda.

Nje kidogo ya mji, kwenye barabara inayoteremka kuelekea Nyarusange, palikuwa na ghala la zamani la kahawa. Watu waliokimbia vilima vya Nyarusange na Ryansoro walikuwa wamelijaza. Lilitunzwa na kikundi kidogo cha wanakanisa, na mambo yote ya jiko na maji yalikuwa mikononi mwa Marceline, mama wa Kikongo kutoka Uvira, aliyekuwa akiuza vitenge kabla soko halijafa. Milango minne mikubwa ya ghala ilikuwa imekwisha kuwa kuni mwaka wa kwanza wa vita. Zilibaki nafasi nne tupu, pana, ambamo upepo uliingia na kutoka kama mwenyeji.

Siku moja Marceline alimwita Ilyasi aandike kwenye mapipa lipi ni la maji ya kunywa. Latifa alikwenda naye kushika kopo. Aliketi juu ya gunia katikati ya watu asiowajua, akatazama nafasi ile, kisha ile, kisha ile nyingine, na mchana kweupe akalala. Alilala mpaka jua likaelemea. Ilyasi alikaa karibu yake na brashi mkononi, rangi ikimkaukia, akiogopa hata kukohoa.

"Mwache alale, Papa Ilyasi," Marceline akasema. "Nafasi iko."

Basi Latifa akahamia ghalani. Na Ilyasi akabaki na jambo moja tu duniani: ghala lile liendelee kuwa wazi na liendelee kuwa salama, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine ambapo mtoto wake aliweza kufumba macho.

Alijitolea kwa kile alichokijua. Ghala lilikuwa vurugu. Wageni walikunywa maji ya kufulia. Wanawake waliingia choo cha wanaume gizani, wakatoka wakilia. Mgonjwa alipelekwa jikoni, akarudishwa, akapelekwa kwenye stoo. Vilikuwapo vikaratasi vya Kifaransa vilivyobandikwa kwa ugali, mvua ikavila.

"Mi siko na franka ya kukulipa," Marceline alimwambia.

"Nani amesema franka?"

"Na rangi?"

"Rangi nitatafuta."

Ulikuwa mwaka wa vikwazo, mipaka imefungwa, na rangi ya dukani ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Alitwanga mkaa. Alichimba bondeni ule udongo mweupe ambao Warundi huuita ingwa. Kwa wekundu alichukua udongo wa matofali. Mbao zake zilikuwa vifuniko vya makreti na mabati yaliyonyooshwa kwa nyundo. Na kwa kuwa wengi wa watu wa vilima hawakusoma, aliachana na herufi, akachora picha.

Kila picha aliipeleka kwanza kwa mtu mmoja, bibi wa Nyarusange aitwaye Ntirampeba, aliyekaa siku nzima kwenye nafasi ya kwanza akichambua maharagwe. Asipoielewa yeye, ilifutwa. Kwa choo cha wanaume Ilyasi alimletea picha ya bwana aliyevaa koti na kofia, kama walivyochorwa mabwana kwenye vibao vyote vya mjini.

"Unaona nini, bibi?"

Ntirampeba alisogeza uso, akarudisha nyuma. "Musitanteri," akasema. Ndivyo walivyomwita mkuu wa komini, mtawala wa eneo lao.

"Hapana, ni mwanaume tu."

"Mwanaume na koti? Hii choo ni ya musitanteri. Mume wangu akiona hii atajisaidia kwa majani."

Watu wakacheka mpaka Marceline akatoka jikoni na mwiko kuuliza amekufa nani. Ilyasi akalifuta koti, akachora mtu mwenye jembe begani. Ntirampeba akakubali, ila akasema jembe lenyewe limeshikwa na mtu asiyejua kulima.

Kisha siku moja ilibidi apige mstari mrefu kwenye bati la jikoni, na hakuwa na mtu wa kushika upande wa pili. Akatafuta msumari wa kufungia uzi. Alipogeuka, Latifa alikuwa amechuchumaa mwisho wa bati, uzi kati ya vidole viwili. Ilyasi akauvuta uzi, akauachia. Pa! Mstari ukatokea. Latifa akaupuliza vumbi.

Ulipofika msimu wa mvua Latifa alikuwa anakula mara mbili kwa siku. Alimtwangia baba yake mkaa. Siku nyingine alimwambia Ntirampeba kwamba maharagwe yake bado yana mawe, na Ntirampeba akamwita mtoto asiye na adabu, kwa furaha kubwa.

Lakini milio ya risasi ilisogea. Ng'ambo ya bonde shule moja walimokuwa wamejihifadhi watu ilishambuliwa. Watu wenye bunduki walipita barabara ile wakati wa giza, wa upande huu na wa upande ule, na ghala lilionekana kwao kama ghala lolote, mahali ambapo adui anaweza kulala. Marceline alitaka kibao kikubwa barabarani.

"Kiseme hapa ni watu wa kawaida tu. Hakuna silaha. Wapite."

"Wapite," Ilyasi akarudia.

"Ndiyo, Papa. Waone, wapite zao."

Alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko kibao chochote. Alitembea barabarani kutoka juu, akatembea kutoka chini, akatazama kwa macho ya mtu anayekuja na bunduki. Nyuma ya nyumba yake alikuwa amefukia makopo ya rangi ya mafuta, nyekundu, buluu na njano, aliyoyaweka kwa ajili ya siku ambayo maduka yangerudisha majina yao. Akayafukua yote. Alichora mama ameketi na mtoto mgongoni, mkeka umetandikwa, na mbele yao sufuria juu ya mafiga, mvuke ukipanda. Latifa alishika uzi. Alipaka hata mvuke, kidogo kidogo, kwa brashi ya nywele tatu, mpaka ungesema unanukia. Hakuwahi kuchora kitu kama kile. Watu walitoka mjini kuja kukiangalia.

Saidi naye alikuja. Alisimama barabarani, mikono kiunoni.

"Ilyasi, hii ni hoteli."

"Acha mambo yako."

"Walahi! Mi mwenyewe nimesikia njaa. Bei ya sahani ni ngapi?"

Walicheka wote, na Ilyasi alicheka kuliko wote. Jioni ile alibaki peke yake mbele ya kibao, akakitazama, na kicheko kilikuwa kimemwisha. Lakini kilikuwa kizuri mno, na rangi ilikuwa imeshakauka.

Wenye bunduki walikuja wakati wa chakula cha jioni, mvua inanyesha. Hawakusema ni wa upande gani, na hakuna aliyeuliza. Aliyewaongoza alijipangusa maji usoni, akasema kwa upole, karibu kama mgeni:

"Sufuria iko wapi? Tumeona sufuria kule barabarani."

Walichukua maharagwe, unga, mablanketi na vijana wa kuyabeba. Ili wapakie bila watu kutawanyika kwenda kuita askari, waliyakokota mabati yaliyokuwa nyuma ya jiko wakaziba nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne, wakaegemeza magunia na magogo kwa nje. Ndani kukawa giza totoro. Ilyasi alikuwa humo. Aliita jina la binti yake, lakini kila mtu alikuwa anaita jina, na majina yaliyokuwa yamefichwa kwa miaka yote yakapaa juu ya paa la ghala kwa pamoja. Hakuna aliyepigwa risasi. Wakubwa walipoandika habari za siku ile, waliandika kwamba hakuna aliyekufa.

Mabati yalipoangushwa, Latifa alikuwa kwenye ukuta wa nyuma, amesimama, akiendelea kuukwangua. Kucha zake zilikuwa zimeisha. Baba yake alimshika mabega, akamgeuza, akamwonyesha nafasi zote nne, wazi tena, mvua ikiingia. Aliziangalia moja moja. Hakukaa chini.

Asubuhi Ilyasi alichukua ndoo ya udongo mweupe akaenda barabarani. Alianza kufuta sufuria.

"Acha, Papa," Marceline akamwambia. "Wale waliiba kwa sababu ni wezi. Si wewe."

"Mi najua kazi yangu," Ilyasi akasema, akaendelea na mvuke, akaendelea na mkeka, akaendelea na mama na mtoto.

Ghala lilifungwa kabla ya mwezi kwisha, kwa amri, kwa ajili ya usalama. Malori yaliwagawa watu: wa Ryansoro huku, wa Nyarusange kule. Ntirampeba alipandishwa akiwa na ungo wake. Latifa, ambaye hakuwa wa huku wala kule, alisema anataka Mwakiro. Baba yake hakubishana naye. Walipanda msafara wa malori uliosindikizwa na askari, wakateremka Muyinga, kwa sababu Mwakiro yenyewe haikuwa na mtu.

Kambi ilikuwa juu ya kilima: hema za plastiki zimebanana, matope kati yake. Houssein, mdogo wake marehemu Waziri, aliwapa nafasi karibu na hema lake. Hema lilikuwa na tundu moja la kuingilia, na Latifa alilitazama mara moja tu. Alikaa nje. Ilyasi alikata miti minne, akaezeka plastiki juu, bila ukuta hata mmoja.

"Mzee anajenga soko!" watu wakamtania. "Mzee, utauza nini?"

Latifa alikaa chini ya soko lile. Mvua za Muyinga hazinyeshi kutoka juu peke yake, zinakuja na upepo, ubavuni. Ilyasi alikaa upande ambao mvua ilitoka, na mvua ilipogeuka naye aligeuka. Mtu wa kamati ya kambi alimfuata pale pale.

"Mzee, tumesikia we ni fundi wa vibao. Hapa watu wanapotea. Ungetusaidia."

"Mi sijui tena."

"Hata kimoja? Cha zahanati tu."

"Sijui tena, mwanangu. Nisamehe."

Kikohozi cha Latifa kilianza kidogo, kisha kikashuka kifuani. Zahanati ilikuwa chumba cha mbao chenye mlango wa kufunga kwa komeo, kwa sababu dawa ziliibwa. Houssein na Ilyasi walimbeba mpaka kizingitini, na pale, yule aliyekuwa hana nguvu ya kushika kikombe, aliwashinda wote wawili, hakuingia. Muuguzi alitoka akampa vidonge nje, akamsihi baba: sindano ni ndani, tena ni siku kadhaa, na hawezi kuzileta kwenye mvua. Ilyasi alimwomba auache mlango wazi. Muuguzi aliuacha wazi. Latifa alitazama komeo likining'inia, akageuza uso.

Alifariki mchana, watu wakiendelea na kazi zao, wanawake wakichambua maharagwe, mtu mmoja akigombana kwa ajili ya ndoo. Ilyasi alikuwa upande wa upepo. Alidhani amelala. Alikaa bila kusogea, kama siku ile ya gunia ghalani, mpaka Houssein alipokuja, akainama, akamwita kwa sauti ya chini: "Baba."

Waislamu wa mjini Muyinga walileta sanda na udi. Kaburi lilichimbwa jioni ile ile, na ubavuni mwake wakachonga mwanandani, kama inavyotakiwa. Wanawake waliomwosha walisema ni mwepesi. Ilyasi alishuka mwenyewe shimoni kumpokea, shuka ikiwa imetandazwa juu, na akamlaza kwa ubavu wa kulia, akaweka kitonge cha udongo chini ya shavu. Halafu Houssein akaanza kumpa mbao za mkaratusi, mbichi bado, za kuziba mwanandani ili udongo usimguse maiti.

Aliipokea ya kwanza, akasimama nayo. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka kwenye shuka.

"Baba," Houssein akasema. "Inabidi tufunge."

Ilyasi aliweka ya kwanza. Aliweka ya pili na ya tatu, akizipanga taratibu, akipima kila moja kwa jicho kwa mazoea ya mikono yake, mpaka ikabaki nafasi ya ubao mmoja upande wa kichwani. Houssein, aliyekuwa ameinama na ubao huo wa mwisho, peke yake ndiye aliyesikia. Mzee alipiga magoti, akasogeza mdomo kwenye ule upenyo, na akasema, polepole, kwa sauti ambayo isingemwamsha mtu:

"Si mlango, mama. Ni mbao tu."